Masinia Machache, Wageni Elfu Kumi

Ukurasa wa intaneti ukikwama, lawama huenda kwanza kwa kampuni ya simu, kisha kwa simu yenyewe. Mtu amefungua orodha ya bidhaa, au ya miamala yake ya mwaka mzima, au ya majina ya waliochaguliwa kujiunga na chuo. Anashusha kwa kidole. Kioo kinasita, kinaruka, kinabaki cheupe, na baada ya muda simu inaanza kupata joto mkononi. Basi husemwa mtandao uko chini, au simu imezeeka. Zipo nyakati ni kweli. Lakini orodha ikishafika yote na bado inajikokota, mtandao umemaliza kazi yake, maana maandishi yamekwisha kuingia. Kinachoisumbua simu ni uamuzi wa aliyeuandika ukurasa: ameiagiza ijenge mistari elfu kumi ilhali macho ya msomaji yanaona kumi na miwili. Kosa hilo linarekebishika kwa JavaScript ya kawaida, lugha ya programu inayoendeshwa na kivinjari, bila maktaba ya msimbo ya mtu mwingine na bila simu mpya, ingawa marekebisho yenyewe yana gharama ambayo wengi wanaoyasifia huipitia kimyakimya.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu hupotea. Chukua orodha ya mistari 10,000, kila mmoja ukiwa na herufi 200 hivi. Hizo ni herufi milioni mbili, yaani takribani megabaiti mbili, ambazo ni pungufu ya picha nyingi zinazopigwa na simu za leo. Simu ya bei ya chini inaubeba mzigo huo kwenye kumbukumbu bila kulalamika. Shida inaanza pale maandishi hayo yanapotakiwa kuwa na umbo. Ili mstari mmoja uonekane, kivinjari hutengeneza elementi kadhaa: kisanduku cha nje, picha, jina, bei, maelezo, kitufe. Tuseme ni sita. Mistari elfu kumi inazaa elementi 60,000, na kila moja lazima ijulikane rangi yake, ukubwa wa herufi zake, upana wake, urefu wake, mahali inapokaa na inachopakana nacho. Lighthouse, chombo cha Google cha kukagua kurasa, kwa miaka kadhaa kilikuwa kikitoa tahadhari ukurasa unapopita elementi 800, na kuhesabu kuwa ni kosa zikipita 1,400. Orodha yetu imekipita kiwango hicho cha pili zaidi ya mara arobaini. Ni muhimu kutenganisha mambo haya mawili, data na umbo lake, kwa kuwa mwandishi wa programu anayeyachanganya atahangaika kupunguza data wakati mzigo uko kwingine.

Halafu kuna saa. Kioo cha simu nyingi hujichora upya mara 60 kwa sekunde, hivyo kila mchoro una milisekunde 16.7 tu, na kwenye simu zenye kioo cha mara 120 nafasi hiyo inashuka hadi 8.3. Ndani ya muda huo kivinjari kinaendesha JavaScript, kinakokotoa mitindo, kinapanga nafasi za elementi na kuzichora, na sehemu kubwa ya kazi hizo hupita njia moja, moja ikiisha ndipo nyingine ianze. Ikizidi muda, mchoro unarukwa, na jicho linaona mtikisiko. Ukiwa na elementi 60,000, badiliko dogo la urefu katika mstari wa juu linaweza kukilazimisha kivinjari kupanga upya nafasi za maelfu ya mistari iliyo chini yake. Mambo huharibika zaidi pale msimbo unapopima na kubadilisha kwa kupokezana: unauliza urefu wa mstari, unaubadilisha, unauliza wa mstari wa pili, unaubadilisha. Kila swali linalofuata badiliko linakidai kivinjari kifanye mpango upya papo hapo ili kitoe jibu la kweli. Ni sawa na fundi cherehani anayempima mteja kila baada ya mshono mmoja. Nguo itakwisha, lakini sikukuu itakuwa imepita. Dawa yake ni kupima vyote kwanza, kisha kushona vyote.

Kwa nini kivinjari hakijui kujihurumia? Jibu liko kwenye asili yake. Tim Berners-Lee alipopendekeza mfumo wa wavuti kwenye kituo cha utafiti cha CERN mwaka 1989, alikuwa akiwaza nyaraka: maandishi yanayosomwa na kuunganishwa na maandishi mengine. JavaScript ilikuja mwaka 1995, pale Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alipotengeneza toleo lake la kwanza kwa muda wa siku kumi hivi. Waraka una ahadi zake. Kila kilichomo ndani yake kinaweza kutafutwa, kunakiliwa, kuchapishwa, na kusomwa kwa sauti na programu ya mtu asiyeona. Ili kuitimiza ahadi hiyo, kivinjari hujenga kila kitu kilichokabidhiwa, kiwe kinaonekana au hakionekani. Kwa waraka wa kurasa thelathini huo ni uadilifu. Kwa orodha ya elfu kumi ni mateso, kwa sababu orodha hiyo si waraka tena. Ni ghala lililoombwa liwekwe lote juu ya kaunta.

Waliotengeneza programu za simu walilijua hili mapema, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. iPhone ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 128 tu. Apple ilipowafungulia watengenezaji programu mlango mwaka 2008, iliwapa orodha isiyojenga mstari kwa kila jina: mstari uliotoka nje ya kioo kwa juu unachukuliwa, unafutwa jina la zamani, unaandikwa jipya na kurudishwa kwa chini. Android nayo iliwahimiza watengenezaji wake kutumia mistari upya, na mwaka 2014 Google ikaleta RecyclerView, ambayo jina lake lenyewe linataja kazi hiyo. Kwa hiyo orodha ndefu ya majina iliteleza vizuri kwenye simu ambazo leo tungeziona dhaifu kupita kiasi. Huu ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba tatizo la kurasa za leo halitokani na unyonge wa simu.

Mbinu hiyo ikihamishiwa kwenye ukurasa wa wavuti ni ile ile inayotumika kwenye shughuli za pwani. Arusi yenye mamia ya wageni haiandaliwi sinia kwa kila kundi la wageni. Watu hula kwa zamu. Sinia likirudi uani huoshwa, hupakuliwa pilau upya na kupelekwa kwa walioketi sasa. Mgeni wa zamu ya mwisho anakuta sinia safi lenye pilau ya moto, na hana habari limeshalisha watu wangapi. Katika ukurasa, wageni ni mistari elfu kumi ya data iliyokaa kwenye kumbukumbu, na masinia ni elementi chache zinazoonekana. Hesabu yake anaimudu hata mwanafunzi wa shule ya msingi. Kila mstari una urefu wa pikseli 60 na sehemu ya kioo inayoonyesha orodha ina pikseli 720, basi mistari 12 inatosha kuijaza. Unatengeneza kisanduku kitupu chenye urefu wa pikseli 600,000, yaani 60 mara 10,000, ili upau wa kuskroli uonyeshe urefu wa kweli wa orodha ingawa ndani yake karibu hakuna kitu. Msomaji anaposhuka, unakiuliza kivinjari ameshuka pikseli ngapi. Kikijibu 120,000, unagawanya kwa 60 na kupata 2,000: mistari elfu mbili imeshapita, wa kuonyesha kwanza ni wa 2,001. Unachukua mistari hiyo kumi na miwili kwenye data, unaiandika kwenye elementi zile zile, kisha unazisogeza mahali pake kwa agizo la mtindo liitwalo `transform`. Ukiongeza mistari mitano ya akiba juu na mitano chini, una mistari 22, elementi 132. Orodha ikikua kutoka elfu kumi hadi laki moja, elementi zinabaki 132.

Mistari ile ya akiba inahitaji maelezo, kwa sababu wengi huiona pambo na kuiondoa. Vivinjari vya sasa huusogeza ukurasa kwa njia ya pembeni ambayo haingoji JavaScript, ndiyo maana kidole kinaweza kuendelea kuskroli hata msimbo ukiwa na shughuli. Ni jambo jema, ila lina upande wa pili: kioo kinaweza kufika mahali ambapo msimbo haujawahi kupeleka sinia, na msomaji akaona pengo jeupe. Akiba inanunua muda. Ikiwa ndogo mno, weupe unajitokeza kila kidole kinapokwenda kwa kasi. Ikiwa kubwa mno, unarudi kule kule kwenye ujenzi wa elementi zisizoonekana. Hakuna namba moja inayofaa kila mahali, inabidi kujaribu. Jambo jingine ni kutojibu kila tukio la kuskroli kwa kazi kamili. Weka alama tu kwamba kuna kazi, kisha uifanye mara moja kwa kila mchoro kupitia `requestAnimationFrame`, na kama mstari wa kwanza ni ule ule wa mchoro uliopita, usifanye lolote. Vitufe navyo havihitaji kila kimoja kuwa na msikilizaji wake. Msikilizaji mmoja kwenye kisanduku cha nje anatosha kujua kilichobonyezwa ni cha mstari gani.

Mpaka hapa mistari yote imekuwa na urefu mmoja, na hiyo ndiyo hali ya starehe. Jumbe za kikundi hazina adabu hiyo: huyu ameandika "sawa", yule ameandika hotuba, wa tatu ameweka picha ambayo bado inashuka. Hapo kugawanya kwa 60 hakusaidii. Msimbo unalazimika kukisia urefu wa kila mstari, kuupima ukweli mstari unapoonekana, kuutunza urefu uliopimwa, na kurekebisha jumla. Kila kisio kikikosewa, urefu wa orodha nzima unabadilika na upau wa kuskroli unarukaruka. Mstari ulio juu ya kioo ukigundulika kuwa mrefu kuliko ilivyodhaniwa, alichokuwa akisoma msomaji kinasukumwa chini ghafla. Suluhisho ni kuchagua mstari mmoja unaoonekana uwe nanga, na kila marekebisho yanapofanyika juu yake, mahali pa kuskroli pasogezwe kwa kiasi hicho hicho ili nanga isihame machoni. Kazi hii ni ngumu kweli, na anayesema mbinu nzima inaandikwa kwa mchana mmoja anazungumzia mistari yenye urefu sawa. Ndiyo maana mbunifu mwenye busara, kabla ya kuandika msimbo wowote, angeuliza kama kweli mistari inahitaji kutofautiana. Mara nyingi maelezo yakikatwa yatoshe mistari miwili ya maandishi, nusu ya tabu inaondoka.

Kuna pia ukuta ambao wachache hufika, lakini unachekesha kiasi kwamba haufai kuachwa. Kisanduku kitupu hakiwezi kurefuka bila mwisho. Chrome hutunza vipimo kwa sehemu za sitini na nne za pikseli, katika namba ya biti 32, hivyo urefu wa mwisho ni takribani pikseli milioni 33.5. Firefox hutumia sehemu za sitini na kuishia karibu na milioni 17.9. Kwa mistari ya pikseli 60, Firefox inafika ukingoni kabla ya mstari wa laki tatu, na Chrome muda mfupi baada ya laki tano na nusu. Mwenye orodha ya milioni moja hana budi kutumia kipimo cha ramani, pikseli moja ya upau ikiwakilisha nyingi za orodha. Ila swali la kwanza la kumuuliza ni hili: nani atashuka kwa kidole hadi jina la laki saba?

Swali hilo linafungua pingamizi la kwanza, nalo lina nguvu. Mbona usigawanye tu orodha kwenye kurasa? Baraza la Mitihani la Tanzania likitoa matokeo ya kidato cha nne kwenye tovuti yake, haliwaweki watahiniwa wote wa nchi katika ukurasa mmoja. Linayapanga kwa shule, na kila mtu anafungua shule yake. Huo ni mpangilio sahihi, na JavaScript yoyote ya ustadi isingeuboresha. Mtu anayejua anachotafuta anahitaji mlango wa kumfikisha, hana haja ya korido ndefu. Tena orodha isiyo na mwisho imeleta madhara yake: Aza Raskin, anayehesabiwa kuwa mbunifu wake mwaka 2006, amejitokeza hadharani kuijutia kwa jinsi inavyowanasa watu kwenye simu zao. Kwa hiyo nakubali kwamba orodha nyingi ndefu hazikupaswa kuwa ndefu. Zinazobaki ni zile ambazo kazi yenyewe inadai kupitisha jicho juu na chini bila kukatizwa: mhasibu anayelinganisha miamala, mtunza stoo anayekagua bidhaa, mtu anayerudi nyuma kwenye mazungumzo ya miezi. Kumlazimisha mhasibu kubonyeza "ukurasa unaofuata" mara mia mbili ni kumhamishia yeye kazi iliyomshinda mwandishi wa programu.

Pingamizi la pili, kwamba simu zitazidi kuwa na nguvu, linasahau kwamba orodha nazo zinakua, na kwamba wasomaji wengi hawanunui simu ya mwaka huu. La tatu linasema maktaba zilizo tayari zipo, kwa nini kujisumbua. Zipo, na baadhi ni nzuri sana, hasa kwa mistari ya urefu tofauti. Lakini maktaba nayo ni msimbo ambao msomaji anaulipia bando kuupakua, na kwa mistari yenye urefu sawa kazi yote ni kugawanya, kuandika na kusogeza. Asiyeielewa hesabu hiyo hataweza kuitengeneza maktaba ikimharibikia.

Pingamizi lililonishughulisha zaidi ni jipya: kwamba vivinjari vimeanza kujihurumia vyenyewe. Mwaka 2020 Chrome ilileta agizo la CSS, lugha ya mitindo ya kurasa, liitwalo `content-visibility`. Likiwekwa kuwa `auto`, kivinjari huruka kupanga na kuchora ndani ya vile vilivyo mbali na kioo mpaka vikaribie. Wahandisi wa Google walionyesha ukurasa wa mfano ambao muda wake wa kuchorwa mara ya kwanza ulishuka kutoka milisekunde 232 hadi 30, bila mstari hata mmoja wa JavaScript. Kufikia Septemba 2024 vivinjari vyote vikubwa vilikuwa vimelipokea. Uamuzi wangu ni kwamba hapa ndipo pa kuanzia, si kwenye masinia. Orodha ya mamia, hata ya elfu moja au mbili, mara nyingi itatulia kwa agizo hilo pamoja na kisio cha urefu wa mstari kupitia `contain-intrinsic-size`, na haitapoteza chochote. Ila agizo hili linapunguza upangaji na uchoraji tu. Elementi zenyewe bado zinaundwa na kukaa kwenye kumbukumbu. Zile 60,000 zinabaki 60,000. Orodha inapofika makumi ya maelfu, hakuna ujanja wa CSS unaoondoa gharama ya kuziumba, na masinia yanakuwa ya lazima.

Na yakishakuwa ya lazima, lazima pia bei yake isemwe wazi. Elementi isiyokuwepo haitafutiki. Msomaji akitumia kitafutio cha kivinjari kutafuta jina lililo katika mstari wa 9,000 huku yeye yuko wa 40, ataambiwa halipo, na kwa orodha ya waliochaguliwa chuo jibu hilo si dogo. Akichapisha ukurasa, atapata karatasi yenye mistari ishirini na kitu. Akifungua bidhaa kisha akarudi nyuma, anaweza kutupwa mwanzo wa orodha. Asiyeona, anayesomewa na programu kama TalkBack au VoiceOver, ataambiwa orodha ina vitu 22, na anaweza kusomewa mstari ambao mara hiyo hiyo unabadilishwa kuwa mwingine. Wengi wa wanaoandika kuhusu mbinu hii huishia kwenye kasi na kuyaacha haya kama mabaki. Mimi nayaona ni nusu ya kazi. Ahadi zile za waraka zilikuwa zikitimizwa na kivinjari bure. Aliyeamua kuficha mistari amezirithi kama deni. Kulilipa kunawezekana: kisanduku cha kutafutia kinachopekua data yote iliyo kwenye kumbukumbu, kitufe cha kupakua faili nzima kwa anayetaka kuchapisha, kuhifadhi namba ya mstari wa kwanza ili anayerudi arudi alipokuwa, na sifa za `aria-setsize` na `aria-posinset` kwa kila mstari, ili programu ya kusoma itamke "wa 2,001 kati ya 10,000". Mstari ambao mtumiaji yuko juu yake kwa kibodi usitumiwe tena kwa mwingine hadi atakapoondoka.

Kwa hiyo, mwandishi wa programu, kabla hujautoa ukurasa wako, azima simu ya bei ya chini. Fungua orodha, shuka kwa kasi uone kama kuna weupe, kisha washa programu ya kusomea wasioona na ufumbe macho. Tafuta jina lililo katika mstari wa elfu tisa. Ukilipata bila kufumbua, wape watu.